Ngeli ya Kirusi

Kisima cha Pipeline kina mita mia mbili na themanini.
Najua kwa sababu Wavinya, mwenye ufunguo wa pampu,
ameiandika namba hiyo ukutani kwa kipande cha makaa,
na chini yake madeni: saluni, mitungi tisa;
Baba Zakayo, minne;
nyumba ya 4C, "alihama usiku".

Nilijaza chupa sita. Maji yalitoka vuguvugu,
ndani ya mji ulioitwa kwa ubaridi wa maji yake,
yakiwa na ule uchumvi unaoacha weupe kwenye sufuria
na hudhurungi kwenye meno ya watoto wa ploti.
"Unatafuta nini humo?"
"Wadudu."
Akacheka hadi kanga ikamlegea.
"Huko chini? Wale nini, mawe?"

Mawe, Wavinya.
Wako bakteria wanaolamba chuma kwenye mwamba
uliokuwa moto kabla hapajawa na mtu wa kuukimbia.
Hawana haraka. Mmoja hugawanyika wawili
labda mara moja kwa mwaka, gizani,
na hiyo kwao ni sherehe.

Na wako wanaowala wao.

Siku ya tatu maabarani, saa nne usiku, stima imerudi,
nainua sahani kwenye taa.
Bakteria wameota zulia la rangi ya maziwa yaliyokatika,
na juu ya zulia kuna matundu,
kumi na saba, masafi, ya mviringo,
kama mtu amepita akizima sigara.
Mlaji simwoni. Naona alipokula.

Nimewahi kumwona kwenye picha ya darubini kubwa:
kichwa cha pembe nyingi kama kito kilichochongwa,
shingo, nyuzi sita za miguu. Tumbo hana.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunasema;
huyu hutua ukutani bila hodi,
jembe amekuja nalo,
na kabla chai haijachemka
shamba lote la mwenyeji limepandwa sura yake.
Kisha nyumba inapasuka.

Wengine hawana ghasia hizo.
Huingia, wakajishona kwenye uzi wa ukoo, wakanyamaza.
Mwenyeji akizaa, anawazaa na wao,
kizazi juu ya kizazi, wapangaji wasiodaiwa kodi,
mpaka siku mwenyeji anapougua.
Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga
hawakutaja kwamba nguo yenyewe ni ngozi.

Sasa ripoti. Sentensi ya kwanza imenikwamisha:
kirusi *kinaingia*, au kirusi *anaingia*?
Akiwa peke yake majini ni vumbi tu:
hakili, hakipumui, hakizeeki,
ni KI-VI, cha kuwekwa kabatini pamoja na kijiko.
Akigusa ukuta wa mwenyeji, ghafla ana njaa, ana wana,
ana hila,
na kalamu yangu inateleza kwenye A-WA.
Bi Kwamboka alitufunza darasa la sita
kwamba kiwete anatembea, kiboko anaogelea,
chenye uhai kipewe heshima yake.
Hakutufunza cha kufanya na kilicho hai
ndani ya mwingine tu.
(Nilimjua mwanamume wa namna hiyo. Tuyaache.)

Nikaandika *kinaingia*, nikafuta.
Nikaandika *anaingia*. Nimeiacha hivyo.
Mhariri atajua la kufanya.

Simu ikalia. Wavinya: "Kuna kitu?"
Wadudu wa tumbo hawakuwepo, hilo nilimwambia kwanza.
Kisha nikaandika *kuna virusi*,
nikaona foleni ya mitungi ikitawanyika,
mwenye ploti akifunga kufuli,
nikafuta herufi moja moja.
"Kuna wadogo sana," nikasema, "wanaokula wadudu.
Hawana shida na watu."

Alikawia. Pengine alikuwa akimpimia mtu maji.
"Na hao wanakula bure?" akajibu.
"Nitajie majina, niwaandike ukutani."